Maji ya Mwezini, Kisima cha Baba

Baba yangu alikuwa mchimba visima. Kabla ya hapo alichimba dhahabu Osiri, kama wanaume wengi wa upande wetu wa Migori, mpaka siku shimo lilipomfunika mwenzake aliyekuwa hatua chache tu chini yake. Walimtoa baada ya siku mbili. Baba hakurudi tena kwenye dhahabu. Alichukua sururu na kamba yake akaanza kuwachimbia watu maji. Alisema ukishuka ardhini kutafuta maji, angalau kila mtu aliyebaki juu anakuombea upate.

Aliujua udongo kwa ulimi. Kila akishuka kimo cha mtu mmoja, alichukua kidogo kwa ncha ya kidole, akakiweka mdomoni, akatulia. "Hii bado," alikuwa akisema. Au, "Hii iko karibu." Lakini kabla ya kupiga sururu ya kwanza alitembea. Asubuhi nzima alizunguka kilima, akipanda na kushuka, akitazama mvua hupita wapi na mawe yamelala vipi. Wenye boma walichoka kumngoja. Yeye alikuwa na swali moja tu, na hakuchimba kabla ya kulijibu: maji hii inatoka wapi?

Nasema "maji hii" kwa sababu ndivyo alivyosema. Mama alikuwa Mkuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania. Walikutana sokoni alikokuja kuuza wimbi, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, walitongozana kwa Kiswahili cha sokoni, kisicho na ngeli, na hicho ndicho kikawa lugha ya nyumba yetu. Shuleni walimu walinicheka kwacho. Mimi nilikipenda. Kijaluo, lugha ya baba, kilibaki cha kuwasalimia majirani, na neno moja ambalo baba hakulibadilisha kamwe, la kuniita mimi: nyara, binti yangu.

Walizaa watatu. Wawili walikufa wadogo. Ndugu zake baba walimshauri aoe mke mwingine apate wana, naye akawajibu kwamba nyumba yake imetosha. Mimi nikasoma. Nilifika chuo kikuu Nairobi, nikasomea fizikia na jiografia, kisha nikapelekwa kufundisha shule ya wasichana huko Homa Bay, juu kidogo ya ziwa.

Mwaka mmoja kabla ya mvua za El Niño, nilirudi nyumbani likizo ya Agosti nikamkuta mama magoti yamevimba. Bado aliteremka mtoni kila siku, mtungi kichwani. Baba alikuwa amewachimbia visima watu wengi, lakini nyumbani kwetu hapakuwa na kisima. Alisema maji mazuri yako juu, kwenye mapaja ya kilima, chini ya mwamba, na angechimba huko akipata nafasi. Ingekuwa kazi ya miezi mingi.

"Kule juu atapandaje na magoti hayo?" nikamwuliza. "Chimba hapa chini, karibu na lango."

Baba akatazama mteremko. Juu yetu palikuwa na soko dogo, safu ya maduka ya mabati, na nyuma ya maduka kulikuwa na choo cha soko.

"Hiyo choo iko juu yetu," akasema.

"Iko mbali, baba. Udongo unachuja. Nimesoma hayo. Hatua thelathini zinatosha."

"Imeandikwa kwa kitabu?"

"Imeandikwa."

Alikwenda mpaka chooni, akarudi akihesabu hatua. Zilikuwa arobaini na moja. Alisimama pale langoni kwa muda, mikono kiunoni. Mama alikuwa ameketi mlangoni akijikanda magoti kwa maji ya chumvi, akatuuliza tunabishana nini. Nikamwambia hatubishani.

"Basi," baba akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Maji yalipatikana upesi mno. Vimo vitano vya mtu tu, na ndoo ya kwanza ilipotulia ilikuwa nyeupe safi. Mama alikunywa kwa kikombe cha bati akacheka. Baada ya wiki mbili majirani walianza kuja, kwanza wawili watatu, halafu wote wa upande ule wa soko. Mama hakumfukuza mtu. Aliwawekea ndoo yake mwenyewe, yenye kamba, ili wasichovye zao zilizokuwa zimewekwa chini. Nilirudi Homa Bay nikijiona mtu aliyewatendea wazazi wake jambo. Niliwahadithia hata walimu wenzangu.

Mvua za El Niño zilinikuta darasani. Tulidhani ni vuli ya kawaida. Zikaendelea Desemba, zikaingia mwaka mpya. Mahindi yalioza mashambani, barabara zikakatika. Halafu tukaanza kusikia kipindupindu, kwanza katika vijiji vya wavuvi kando ya ziwa, kisha Oyugis, kisha kila mahali. Shuleni tulichemsha maji kwa mapipa. Nilisimama mbele ya wasichana nikawafundisha kunawa, nikawachorea ubaoni jinsi maji ya chooni yanavyopita chini ya ardhi mvua inapozidi. Nilichora choo, nikachora mteremko, nikachora kisima. Kengele ikalia, nikafuta ubao. Naapa kwamba hata wakati huo sikufikiria kwetu.

Habari niliiletewa na kondakta mmoja anayetokea soko letu. Alikuja mpaka lango la shule Jumatano mchana, akakataa kuketi. "Mwalimu, mama anaharisha tangu jana," akasema. "Wamempeleka zahanati."

Niliondoka saa ileile. Daraja moja lilikuwa limesombwa, tukazunguka, gari likakwama, nikalala Rongo kwa watu nisiowajua. Nilifika nyumbani Alhamisi adhuhuri. Mama alikuwa ameshazikwa. Alikufa Jumatano alfajiri, kabla hata yule kondakta hajanifikia, na maafisa wa afya walisema wafu wa ugonjwa ule hawangoji. Walimfunga kwa plastiki, wakanyunyiza dawa, wakamwingiza kaburini wao wenyewe wamevaa glavu. Hakuna mwanamke aliyemwosha. Dada zake kutoka upande wa Wakuria walifika Ijumaa wakakuta kilima cha udongo chenye harufu ya klorini, wakaketi kando yake wakanitazama.

Wengine walikufa pia, wote wa upande wetu wa soko. Mwanamke jirani alipoteza mtoto wa miaka minne. Maafisa walichukua maji ya kisima kwenye chupa, wakarudi baada ya siku kadhaa na kifuniko cha chuma na kufuli. Mmoja wao alisema mbele ya watu, bila ubaya wowote, "Ni hiki kisima. Choo kimevujia humu. Nani alichimba hapa?"

"Mimi," baba akasema.

"Mzee, wewe si ndiye fundi? Hukuona choo kile?"

Baba alikitazama kifuniko. Nilikuwa nimesimama karibu naye, bega kwa bega, nikisubiri aseme: ni binti yangu aliyechagua mahali. Hakusema. Na mimi pia sikusema. Yule jirani aliyefiwa na mtoto alitema mate chini, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuja bomani kwetu hata kuomba moto.

Nilimchukua baba nikaenda kukaa naye Homa Bay, kwenye nyumba yangu ya mwalimu, vyumba viwili na veranda inayotazama ziwa. Mwaka ule ziwa halikuonekana kama ziwa. Gugumaji lilikuwa limelifunika lote upande wa mji, kijani kama shamba, na mitumbwi imekwama katikati yake. Baba aliketi verandani kutwa akilitazama. Alikuwa haongei. Alikunywa maji kidogo sana, tena mpaka ayachemshe mwenyewe. Akishayachemsha aliyaacha yapoe, kisha anayachemsha tena. Midomo yake ilipasuka. Nikimpa chai anaipokea, anaishika mpaka inakuwa baridi.

"Baba, kunywa."

"Nitakunywa."

Wiki sita zilipita hivyo. Nilikuwa nikitoka darasani nikichungulia kwanza verandani kama bado ameketi.

Siku moja ya Machi tulikuwa tukila chakula cha mchana, redio ikisoma habari ya saa saba. Mtangazaji akasema chombo cha Wamarekani kinachouzunguka mwezi kimegundua dalili za barafu katika udongo wa huko, kwenye ncha zake mbili. Baba akaacha kula.

"Amesema maji?"

"Amesema barafu. Ni maji yaliyoganda."

"Ndani ya udongo?"

"Ndani ya udongo."

Akanawa mikono. "Kule kuna mvua?"

"Hakuna, baba. Hakuna hata hewa."

"Mto?"

"Hakuna."

"Ziwa?"

"Hakuna kitu. Ni vumbi na mawe."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama, au tangu wamzike wao, alinitazama usoni. "Basi hiyo maji ilitoka wapi?"

Sikujua. Tulifundishwa chuoni kwamba mwezi ni mkavu kabisa, kwamba mawe yaliyoletwa kutoka huko hayakuwa na maji. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa. "Maji haiwezi kukaa mahali bila kutoka mahali," akasema. "Uliza wale waliokufundisha."

Jioni hiyohiyo nilimwandikia barua mhadhiri wangu wa zamani Nairobi. Sikumweleza kuhusu mama. Niliandika tu kwamba mzee mmoja mchimba visima anataka kujua maji yalifikaje katika udongo wa mwezi, na tafadhali ajibu kwa urefu.

Tukangoja. Sijui kama wasomaji wa leo wanaweza kuelewa kungoja kule. Kila siku saa kumi jioni baba aliniuliza kama nimepita posta. Alianza kuamka mapema. Alianza kunywa chai ikiwa moto. Nikaona kama ninampata tena, kidogo kidogo, na nikaanza kuomba kwamba jibu lichelewe, na wakati huohuo kwamba lije.

Jumamosi moja nilimkuta jikoni amepiga magoti. Alikuwa amechimba udongo bustanini, mkavu kabisa kwa kuutazama, kwa sababu mvua zilikuwa zimepumzika na jua lilichoma. Ameujaza sufuriani, ameufunika, ameuweka juu ya stovu ya mafuta taa. Baada ya muda aliinua kifuniko akanigeuzia. Chini yake kulikuwa na matone.

"Unaona? Hata hii ilikuwa nayo."

"Ndiyo, baba."

"Lakini hii najua yake. Hii ni ya mvua." Akapangusa matone kwa kidole gumba, akakiangalia kidole. Nilidhani atakiweka mdomoni. Akakifuta kwenye suruali.

Barua ilifika baada ya wiki nne, kurasa mbili kwa mwandiko wa kalamu. Nilimsomea verandani, nikitafsiri sentensi moja moja. Mhadhiri aliandika kwamba hakuna aliyejua kwa hakika. Alisema wataalamu wana mawazo mawili. La kwanza, kwamba maji yale yaliletwa na nyota zenye mkia, ambazo kwa sehemu kubwa ni barafu na vumbi. Kwa miaka isiyohesabika zimekuwa zikiugonga mwezi, na mvuke wake mwingine ukakimbilia kwenye mashimo ya nchani ambako jua halijawahi kufika, ukaganda humo. La pili, kwamba jua lenyewe hurusha chembe ndogo mno za hidrojeni pande zote, wakati wote. Dunia ina ngao yake ya sumaku, mwezi hauna. Chembe zinapiga udongo wa mwezi, zinajichoma ndani ya punje za vumbi, na humo zinakutana na oksijeni iliyofungwa katika mawe. Hidrojeni na oksijeni zikikutana zinaweza kufanya maji.

Baba alinitaka nirudie hilo la pili. Nikarudia.

"Kwa hivyo jua inatupa nusu, na udongo iko na nusu," akasema.

"Ndivyo anavyosema."

"Hakuna mtu aliyechimba."

"Hakuna."

"Hakuna mtu aliyeonyesha mahali."

Nilikunja barua. Nilikuwa nimelibeba neno lile miezi mitatu, na nilikuwa nimejiambia kwamba siku nikilitoa baba ataniambia, hapana nyara, si wewe, ni mvua. Nilikuwa nimeshasikia sauti yake ikiniambia hivyo, mara nyingi, nikiwa peke yangu.

"Baba, ni mimi niliyekuonyesha mahali. Wewe ulitaka juu. Mama alikufa kwa sababu yangu."

Msichana mmoja alipita chini ya veranda na ndoo, akatusalimu, nikamwitikia.

"Kimo cha tatu niliionja ile udongo," baba akasema hatimaye. "Ilikuwa na choo. Kidogo sana. Mtu mwingine hangejua. Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikasema pengine ulimi yangu imezeeka. Wewe umesoma, na mama yako amekaa mlangoni anangoja. Nikaendelea kuchimba."

Nilimtazama. Nilitaka kumkasirikia na nilitaka kumshika miguu.

"Kwa hivyo si wewe peke yako," akasema. "Ni sisi wawili."

Hakuniambia nisilie. Nilisubiri neno jingine mpaka jua likaondoka verandani, na neno halikuja, na nadhani hakuwa nalo. Alikuwa mtu asiyesema asichokijua. Nilipoinuka kwenda kupika alikuwa bado ameishika ile barua mkononi, kurasa za Kiingereza asizoweza kuzisoma.

Wiki iliyofuata alitaka kurudi nyumbani. Nilimsihi. Akasema ana kazi. Nilimsindikiza siku shule ilipofungwa, nikajua kazi yenyewe ilikuwa gani. Alivunja ile kufuli kwa sururu akaanza kukifukia kisima. Hakutaka udongo wa pale. Alipanda mpaka chini ya mwamba kilimani, mahali alipotaka kuchimba tangu mwanzo, akajaza mawe kwenye gunia, akateremka nalo mgongoni, akayatumbukiza, akapanda tena. Kila jiwe lililia lilipofika majini. Nilimsaidia mwezi mzima wa likizo. Watu walipita njiani kwenda mtoni na mitungi yao, wakatuona, wakapita. Hatukusemeshana hata sisi wawili, ila "shika hapa" na "ngoja." Nikarudi kufundisha, yeye akaendelea. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu vumbi la Osiri, na sasa alikohoa mpaka anakaa chini njiani. Alinitumia salamu kupitia kondakta yuleyule: mwambie imejaa.

Alikufa mwaka uliofuata, mwanzo wa mvua za masika. Kifua, daktari alisema. Nilikuwapo, alinitambua, akaniomba maji, nikampa kwa kijiko, akayashika mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza.

Kumzika walikuja watu wengi kuliko nilivyotazamia. Visima vyake vilikuwa vimetapakaa hadi karibu na Rongo, na wenye visima walikuja. Wa soko letu walikuja pia, wakasimama nyuma. Yule jirani aliyefiwa na mtoto alileta maji ya kupikia, mitungi miwili kutoka mtoni, akaitua kwenye majiko akaenda kukaa mbali nami.

Nilikuwa nimepanga. Usiku wote uliotangulia niliyapanga maneno: kwamba kisima kile nilikichagua mimi, kwamba yeye alikataa na mimi nikamshinda kwa vitabu, kwamba lawama waliyomtupia aliipokea ili isinifikie. Nusu nyingine ya ukweli, ile ya ulimi wake, ningeiacha aende nayo. Baada ya wazee kuzungumza, mwendesha shughuli alisema, "Sasa tumpe nafasi binti, mwalimu wetu." Nikasimama. Nilimwona yule jirani aliyefiwa ameinua uso. Mtu fulani alinipa kikombe cha maji.

Niliwashukuru wote kwa kuja. Niliwaambia waliotoka mbali kwamba chakula kiko tayari nyuma ya nyumba. Kisha nikaketi.